Nani Aliyeikata Safari ya Fleet Walker?

Tarehe 1 Mei 1884 klabu ya Toledo Blue Stockings, kutoka jimbo la Ohio, ilicheza mechi yake ya kwanza katika American Association, ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa ligi kuu za besiboli ya kulipwa nchini Marekani. Walikuwa ugenini, Louisville, jimbo la Kentucky. Mdakaji wao alikuwa Moses Fleetwood Walker, mwana wa daktari, msomi wa chuo kikuu, mtu mweusi. Siku hiyo mambo yalimwendea kombo. Hakupata pigo hata moja na alifanya makosa manne. Kabla msimu haujaisha klabu ilikuwa imemwacha. Kwa jumla alicheza mechi 42 za ligi kuu, akapata mapigo 40 katika zamu 152, na hakurudi tena. Mdogo wake, Weldy, alicheza mechi chache katika timu hiyohiyo mwaka huohuo. Baada yao hakuonekana mchezaji aliyejulikana wazi kuwa mweusi katika ligi kuu mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947.

Ukiuliza kwa nini safari ya Walker ilikuwa fupi kiasi hicho, utapewa majibu kadhaa. Wapo wanaosema mwili ulimshinda, kwa kuwa mdakaji wa zama zile aliumia karibu kila wiki. Wapo wanaosema klabu iliishiwa fedha ikavunjika. Wapo wanaosema hakuwa mchezaji wa kiwango cha kulilia. Na wengi zaidi humtaja mtu mmoja, Cap Anson, nahodha wa Chicago, kwamba ndiye aliyefunga mlango. Nimeyapima majibu haya moja baada ya jingine. Kila moja lina ukweli wake, na ndani ya kila moja, ukilifunua, unakuta rangi ya ngozi ya Walker imekaa humo inafanya kazi. Kwa sababu hiyo naona habari yake inahitaji kuchambuliwa taratibu, isigeuzwe hadithi ya shujaa mmoja na adui mmoja.

Tuanze na mikono. Kwetu Afrika Mashariki besiboli haijaenea, ingawa watoto wa Uganda walifika hadi Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, kucheza mashindano ya dunia ya watoto. Kwa asiyeujua mchezo huu, mdakaji ni kama kipa anayepigiwa penalti zaidi ya mia kwa siku. Mrushaji anautuma mpira kwa nguvu zake zote, mpigaji mwenye gongo anajaribu kuupiga, na kila mpira unaompita lazima mdakaji audake. Mpira wenyewe ni mgumu, wenye uzito unaokaribia gramu 145. Aliyewahi kudaka mpira wa kriketi kwa viganja vitupu anajua vile vidole vinavyoingia ganzi. Siku hizi mdakaji ana glavu nene kama mto, barakoa ya vyuma, kinga ya kifua na kinga za miguu. Mwaka 1884 barakoa ilikuwepo, lakini glavu zilikuwa ngozi nyembamba tu, na mara nyingi Walker alidaka kwa mikono mitupu. Mrushaji alisimama umbali wa futi 50, karibu zaidi kuliko leo. Vidole vya wadakaji vilivunjika, vikaunga vibaya, vikavunjika tena. Mwezi Julai wa mwaka ule mpira uliochepuka kwenye gongo ulimvunja Walker ubavu. Aliporudi hakuwa yule wa mwanzo.

Hapo anayesema mwili ulimshinda ana hoja. Lakini sikiliza alichosimulia Tony Mullane, mrushaji nyota wa Toledo, aliyeshinda mechi 36 msimu huo. Mdakaji humpa mrushaji ishara kwa vidole, wakubaliane mpira ujao uwe wa aina gani, unyooke kwa kasi au upinde. Makubaliano hayo ndiyo usalama wa mdakaji, kwa maana anajua mikono aiweke wapi. Mullane, mzaliwa wa Ireland, alikuja kukiri katika gazeti la New York Age, Januari 1919, kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kucheza nao, ila yeye hakuwapenda watu weusi, na kwa hiyo alirusha mpira wowote aliotaka bila kujali ishara za Walker. Siku moja Walker aliomba mpira wa kupinda, Mullane akamtupia wa kasi. Walker akaudaka. Akatoka pale nyuma, akamwendea, akamwambia kwamba ataendelea kumdakia, ila bila ishara. Na kwa ushahidi wa Mullane mwenyewe, msimu uliobaki Walker alidaka chochote kilichokuja bila kujua kinachokuja.

Fikiria maana yake. Futi 50, mpira mgumu, ngozi nyembamba mkononi, na mwenzako wa timu amekuficha atakachokifanya. Hatuwezi kuhesabu ni michubuko mingapi ilitokana na mchezo na mingapi ilitokana na chuki, lakini tunajua kwamba majeraha ya Walker hayakuwa majeraha ya kawaida ya kazi. Wadakaji wengine walikuwa na adui mmoja, mpira. Na bado, katika hali hiyo, wastani wake wa upigaji, yaani mapigo yakigawanywa kwa zamu, ulikuwa 0.263, juu ya wastani wa ligi na miongoni mwa bora wa timu yake. Makosa ya udakaji yalikuwa mengi, lakini takwimu za wadakaji wote wa miaka ile zimejaa makosa, na wengi wao walikuwa wanajua mpira gani unakuja.

Hoja ya klabu kuvunjika nayo ni kweli. Toledo ilimaliza nafasi ya nane, mapato ya mlangoni hayakutosha, na mwaka uliofuata ligi ilipunguzwa hadi klabu nane bila Toledo. Timu ikivunjika wachezaji hutawanyika, na hapo ndipo panapofaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu kutawanyika kwao kunatupa kipimo. Sam Barkley alichukuliwa na St. Louis. Curt Welch, ambaye msimu ule alipiga kwa wastani wa chini kuliko Walker, naye alichukuliwa na St. Louis na akatwaa nao ubingwa miaka mitatu mfululizo. Mullane aligombewa na klabu zaidi ya moja. Walker, baada ya ubavu kupona, alikwenda Cleveland katika ligi ya chini, kisha Waterbury, Connecticut. Timu ni ileile na jahazi lililozama ni lilelile. Wenzake waliokolewa na mashua za ligi kuu, yeye hakurushiwa hata kamba. Kwangu mimi hilo linaimaliza hoja ya fedha na hoja ya kiwango kwa pamoja.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu Walker hakuangukia ligi kuu kwa bahati. Alizaliwa mwaka 1856 Mount Pleasant, Ohio, mji wa Waquaker uliokuwa kituo cha kuwaficha watumwa waliotoroka kutoka kusini, kisha akakulia Steubenville, ambako baba yake alikuwa daktari. Alisoma Oberlin, chuo kilichokuwa kimewapokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835. Mwaka 1881 alikuwa katika timu ya kwanza rasmi ya chuo hicho, timu iliyoifunga University of Michigan, na punde si punde Michigan wenyewe wakamchukua akasome sheria huko na kuwachezea. Kwa kijana mweusi wa Ohio wa miaka ile, dunia ilikuwa na milango iliyofunguka. Wazazi wake walikuwa wameshuhudia utumwa ukifutwa, na sheria ya mwaka 1875 ilikuwa imekataza ubaguzi katika hoteli, magari ya abiria na kumbi za starehe. Alikua akiamini kwamba uwezo ungetosha, na miaka ya mwanzo ilimpa sababu za kuamini.

Ila dalili zilikuwepo. Agosti 1881, akiwa bado mwanafunzi, alisafiri na timu ya kampuni ya cherehani ya White ya Cleveland kwenda Louisville kucheza na klabu ya Eclipse. Wenyeji walikataa asicheze, akawekwa pembeni. Mdakaji aliyechukua nafasi yake aliumia mikono mapema na kukataa kuendelea, na mashabiki wakaanza kuita Walker aingie. Alishuka uwanjani, akarusha mipira kadhaa ya kupasha misuli, watu wakashangilia. Wachezaji wa Eclipse wakagoma. Mwishowe mchezaji mwingine wa Cleveland akajitolea kudaka, na Walker akarudi kukaa. Angalia nani alikuwa upande gani siku ile. Waliolipa kiingilio, katika jimbo lililokuwa la utumwa miaka kumi na sita tu nyuma yake, walitaka kumwona akicheza. Waliokataa ni wachezaji. Mara nyingi wenye klabu walikuja kujitetea kwamba mashabiki wasingevumilia watu weusi. Louisville ya mwaka 1881 haiungi mkono utetezi huo.

Mwaka 1883 Walker alisajiliwa na Toledo, wakati huo ikiwa Northwestern League. Kabla ya msimu mjumbe wa Peoria alipendekeza wachezaji weusi wapigwe marufuku. Pendekezo lilijadiliwa kwa ukali, likakataliwa. Toledo wakatwaa ubingwa. Katikati ya msimu, tarehe 10 Agosti, Chicago White Stockings walikuja Toledo kwa mechi ya kirafiki. Anson, nahodha na kiongozi wao, alitangaza kwamba timu yake haitashuka uwanjani na mtu mweusi. Walker alikuwa na mkono unaouma, na meneja Charlie Morton hakuwa amepanga kumchezesha. Aliposikia kauli ya Anson alibadili mawazo, akamweka Walker upande wa kulia wa uwanja, na Chicago wakaelezwa kwamba wakigoma hawatapata mgawo wao wa mlangoni. Anson akacheza.

Kisa hiki husimuliwa kama mwanzo wa ubaguzi. Mimi nakisoma kinyume chake. Siku ile Anson alishindwa. Aliyeshinda ni meneja wa mji mdogo aliyeshika fedha kwa mkono mmoja na msimamo kwa mkono mwingine. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini, miaka minne baadaye, hakupatikana Morton mwingine. Miezi miwili tu baada ya mechi ile, Oktoba 1883, Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria ya mwaka 1875. Mwenye hoteli, mwenye treni na mwenye klabu walijua sasa kwamba serikali kuu haitawauliza. Mwaka uliofuata, kabla ya kurudi Toledo, Chicago walituma barua kutaka uhakika kwamba hakuna mchezaji mweusi atakayepangwa. Na Walker hakucheza.

Msimu wa 1884 ulikuwa na balaa jingine. Klabu ya Washington ilikufa katikati ya ligi, na nafasi yake ikachukuliwa na Richmond, Virginia, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo yaliyopigania utumwa. Toledo wakawa na safari ya huko. Mwanzoni mwa Septemba Morton alipokea barua ikimwonya kwamba wanaume 75 walikuwa wameapa kumshambulia Walker akithubutu kutokea uwanjani amevaa jezi. Walker hakwenda. Alikuwa majeruhi, na wiki chache baadaye akaachwa. Barua ile haikuhitajika kumwondoa, kwa kuwa mwili ulikuwa umeshamwondoa, lakini inatuonyesha kilichokuwa kikimsubiri angekuwa mzima.

Wengi huishia hapo, kana kwamba alitoweka mwaka 1884. Hakutoweka. Aliendelea kucheza kwa malipo miaka mitano mingine katika ligi za daraja la chini. Mwaka 1887 alikuwa Newark, katika International League, akimdakia George Stovey, mrushaji mweusi aliyeshinda mechi zaidi ya 30 msimu ule. Ndio wawili wa kwanza weusi wanaojulikana kucheza pamoja, mrushaji na mdakaji, katika ligi zilizochanganya wazungu na weusi. Na hapa ndipo mtu anapoona Walker angekuwa nani kama angerushiwa na mtu aliyekubali ishara zake. Ligi hiyo ilikuwa na weusi wengine wenye vipaji, wakiwemo Frank Grant wa Buffalo, Bud Fowler wa Binghamton na Robert Higgins wa Syracuse. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba mlango ulioachwa wazi kidogo ungefunguka wote.

Tarehe 14 Julai 1887 Chicago walikuja Newark kwa mechi ya kirafiki, Anson akiwa bado nahodha. Stovey hakurusha. Ilitangazwa kwamba anaumwa. Walker naye hakucheza. Siku hiyohiyo, mjini Buffalo, wakurugenzi wa International League walikutana na kupiga kura, sita kwa nne, kwamba ligi isiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Siku moja, miji miwili. Ni rahisi kuuona mkono wa Anson katika yote mawili, lakini Anson hakuwa na kura Buffalo. Kura zilikuwa za wenye klabu, na nyuma ya wenye klabu walikuwepo wachezaji waliokwisha kutishia kuondoka.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hali ilivyokuwa vyumbani. Juni 1887 Syracuse walikwenda kupiga picha ya timu. Ni shughuli ndogo, ya watu kukaa kwenye benchi na kutazama kamera. Wachezaji wawili walikataa kukaa katika picha moja na Higgins, mrushaji wao wenyewe, kijana aliyekuwa akiwashindia mechi. Mmoja wao, Doug Crothers, alisimamishwa baada ya kugombana na meneja kwa ngumi kwa sababu hiyo. Mwezi Septemba mwaka huohuo wachezaji wa St. Louis Browns walimwandikia mwenye timu yao kwamba hawatacheza mechi ya kirafiki na Cuban Giants, timu ya Wamarekani weusi, na mechi ikafa. Pia zilizagaa habari kwamba mchezaji mweusi wa besi ya pili alilazimika kufunga mbao kwenye miundi yake, kwa sababu wapinzani walimtelezea makusudi na njumu za chuma. Ukiyaweka haya pamoja, Anson anaonekana alivyokuwa hasa: sauti kubwa kuliko zote katika kwaya iliyokuwa tayari inaimba. Alizaliwa Iowa, si kusini. Jina lake na ukaidi wake viliwapa wengine kivuli cha kujificha, na kumbebesha yeye peke yake lawama zote ni kuendelea kuwapa kivuli hicho.

Kuna jambo jingine linalosaidia kueleza kwa nini mlango ulikaa umefungwa miaka mingi. Mwaka 1867 chama cha klabu za ridhaa kiliandika wazi kwamba hakitapokea klabu yenye watu weusi. Ligi kuu za kulipwa hazikuandika chochote. Kulikuwa na maelewano tu. Kanuni iliyoandikwa ina tarehe, ina sahihi, inaweza kupingwa. Maelewano hayana mwenyewe. Mchezaji akiuliza kwa nini hasajiliwi, anaambiwa hapana nafasi. Weldy Walker alilitambua hilo. Ligi moja ndogo ya Ohio ilipofuta kanuni iliyoruhusu kusajili weusi, alimwandikia rais wa ligi barua iliyochapishwa na Sporting Life mwezi Machi 1888, akidai kwamba kigezo kiwe uwezo, tabia na akili, na akiiita hatua ile aibu kwa zama zao. Kwangu ni miongoni mwa maandishi muhimu kuliko yote ya karne ile kuhusu mchezo huu, na aliyeyaandika ni mchezaji aliyekuwa amenyimwa kazi.

Kaka yake alibahatika kidogo zaidi. Syracuse walimchukua mwaka 1888 wakatwaa ubingwa, na alikaa nao hadi Agosti 1889, walipomwacha. Akawa mtu mweusi wa mwisho katika International League mpaka Robinson alipovaa jezi ya Montreal mwaka 1946.

Je, ni sahihi kumwita Walker mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu? Utafiti wa miaka ya karibuni umemwibua William Edward White, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Brown, aliyecheza mechi moja tu na Providence Grays tarehe 21 Juni 1879. Alikuwa amezaliwa Georgia, mama yake mtumwa, baba yake mwenye shamba. Kwa damu, White alitangulia. Lakini aliishi kama mzungu, na hakuna aliyemkataa siku ile kwa sababu hakuna aliyejua. Walker alicheza huku kila jicho likijua. Kwa kipimo cha nani alibeba mzigo huo hadharani, sioni sababu ya kumvua Walker nafasi yake.

Miaka yake ya baadaye ilikuwa na mashimo. Mwaka 1891, mjini Syracuse, alimchoma kisu mzungu katika ugomvi wa barabarani na yule mtu akafa. Baraza la mahakama la wazungu watupu lilimwachia huru kwa kukubali kwamba alijitetea. Mwaka 1898 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa wizi wa barua zenye fedha alipokuwa karani wa posta. Kisha akasimama tena, akaendesha hoteli Steubenville pamoja na Weldy na ukumbi wa maonyesho katika mji mdogo wa Cadiz. Mwaka 1908 alichapisha kitabu, Our Home Colony, na hitimisho lake ni kwamba Wamarekani weusi hawatapata haki Marekani na waende wakaishi Afrika. Yule kijana wa Oberlin, aliyelelewa mahali palipoamini kwamba watu wataishi pamoja, alikuwa amefikia hapo. Sikubaliani na hitimisho lake, lakini nikizifuata hatua zake kutoka Louisville hadi Toledo, hadi Newark, hadi Syracuse, naelewa alivyofika.

Mullane alipokiri hadharani, Januari 1919, Walker alikuwa bado hai, mzee wa miaka 62. Mwaka uliofuata alipata hataza za vifaa alivyobuni vya magurudumu ya filamu, kwa ajili ya mafundi wa sinema. Alifariki Cleveland tarehe 11 Mei 1924, akazikwa Steubenville katika kaburi lisilo na alama. Jiwe lenye jina lake liliwekwa mwaka 1990, na waliosoma Oberlin.